Mali kauli ya Waingereza

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, kabla ya ajenda ya fedha. Yameandikwa upya kwa kusomwa, lakini yameachwa karibu na yalivyosemwa.

Mama Mwenyekiti, Mhazini, wajumbe wa bodi, ndugu wanachama: salamu zenu nyote.

Nimepewa dakika arobaini kabla taarifa ya mikopo haijasomwa, na Mhazini amenisogelea hapa akaninong'oneza kwamba nikizidisha yeye hatanung'unika. Nadhani nimemwelewa.

Mmeniomba niseme juu ya uaminifu katika kukopeshana. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, si mchungaji wala meneja wa benki, na mahubiri ya "ahadi ni deni" mmeyasikia hadi mmeyachoka. Kwa hiyo leo nawapeleka mbali: vijijini Uingereza, kati ya mwaka 1550 na 1760 hivi. Nimechagua huko kwa sababu ya mazoea yetu ya kudhani kwamba Mwingereza tangu alipozaliwa ni mtu wa saini, risiti na mhuri, na kwamba watu wa kuaminiana kwa mdomo ni sisi. Wafanyabiashara mliomo humu mnalijua neno "mali kauli". Unachukua mzigo leo bila kutoa senti, unaacha neno lako, unaondoka. Basi vijiji ninavyovizungumzia viliishi hivyo karne mbili na zaidi. Mkulima alichukua jembe kwa mhunzi kwa kauli. Mhunzi alichukua shayiri kwa mkulima kwa kauli. Kasisi alikopa, mjane alikopesha, kibarua alidai ujira wa wiki kadhaa huku naye akidaiwa mkate na mshumaa.

Kwa nini? Tuanze na sarafu.

Sisi tuna neno fedha lenye maana mbili, madini na pesa. Kwao, wakati huo, mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja hasa: pesa ilikuwa madini ya fedha, na sarafu ilithaminiwa kwa uzito wake. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12. Kibarua wa ujenzi kusini mwa Uingereza, miaka ya 1580, alipata kama peni 8 kwa siku. Sasa piga hesabu: kama peni 8 ni jasho la mchana kutwa, kitunguu kitakuwa bei gani? Ili fedha iwe ndogo kiasi cha kununulia kitunguu, ilibidi sarafu iwe kama gamba la samaki. Nusu peni yao ya fedha ilikuwa hivyo kweli. Ukiiangusha penye majani, usihangaike kuitafuta. Malkia Elizabeth wa Kwanza alitoa hata sarafu ya robo tatu ya peni, ili anayetaka kitu cha robo peni atoe peni nzima na kurudishiwa chenji. Mkate nao ulikuwa na kituko chake: sheria ilishika bei, ikaachia uzito. Mkate wa peni ulibaki wa peni mwaka hadi mwaka, ila ngano ikipanda mkate unasinyaa. Ninyi mnaonunua maandazi mnaufahamu ujanja huo bila kufundishwa.

Wakati huohuo watu walikuwa wakiongezeka, bei za vyakula zilipanda mara kadhaa kati ya 1500 na 1640, na biashara ilikua kwa mwendo ambao madini ya fedha hayakuweza kuufuata. Sarafu iliyokuwapo ilikimbilia kwenye kodi ya ardhi na ushuru wa mfalme, au ikafichwa. Mtu angeweza kuwa na ng'ombe kumi, ghala limejaa, na mfukoni asiwe na shilingi tatu. Hakuwa maskini. Pesa tu haikuwepo.

Na hapo ndipo jina la mtu linapoingia. Mwaka 1613 Mfalme James alimpa mkubwa mmoja, Lord Harington, kibali cha kutoa robo peni za shaba. Watu hawakuzipenda. Januari 1649 mfalme aliyemfuata akakatwa kichwa, utawala ukayumba, na wenye maduka wakaona wasisubiri mtu. Wakaanza kutengeneza chenji yao wenyewe: visahani vya shaba vyenye jina la mwenye duka, jina la kijiji chake, na picha ya kazi yake, mshumaa kwa muuza mishumaa, kiatu kwa fundi viatu. Walifanya hivyo maelfu ya watu, nchi nzima, hadi 1672 Mfalme Charles wa Pili alipotoa robo peni na nusu peni zake za shaba na kuzipiga marufuku za wenye maduka. Kisahani hicho kilikuwa na thamani mpaka pale tu ambapo jina lililochongwa juu yake lilijulikana. Ukitembea kutwa nzima kuvuka mpaka wa umaarufu wa muuza mishumaa, mkononi unabakiwa na kipande cha shaba chenye picha ya mshumaa.

Lakini hata visahani vilikuwa vya kupunguza karaha ya vitu vidogo. Kazi kubwa ilifanywa na deni. Deni liliwekwaje, kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma?

Kwenye kilabu cha pombe lilichorwa kwa chaki, ukutani au nyuma ya mlango. Kwenye duka kubwa kidogo lilikuwa na daftari. Penginepo lilichanjwa kwenye kijiti. Unachukua kijiti cha mti laini, unakata chale, pana kwa kiasi kikubwa na nyembamba kwa kidogo, kisha unakipasua kwa urefu katikati ya zile chale. Mdai anachukua upande mmoja, mdaiwa upande wa pili. Siku ya kulipana mnaviunganisha: kama kuna aliyeongeza chale usiku, pande mbili hazitalingana. Hazina ya ufalme yenyewe ilitunza hesabu kwa vijiti hivyo hadi 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 waliamua kuviteketeza vile vya zamani katika tanuri zilizokuwa chini ya Bunge la Mabwana, wakajaza kupita kiasi, na jioni hiyo Bunge la Uingereza likaungua. Mhazini, ukichoma daftari la zamani la madeni, chomea nje.

Njia iliyotumika kuliko zote ilikuwa mdomo mbele ya mashahidi. Mnapatana bei mbele ya watu wawili watatu, mnashikana mikono, mnunuzi anatoa peni moja ya kufungia maneno. Waliiita peni ya Mungu. Sisi tuna neno letu zuri, arbuni. Ikishatolewa hiyo, mnakwenda kunywa, na wanaokunywa nanyi ndio watakaokumbuka siku mtakapogombana.

Palipokuwa na wageni mambo yalibadilika. Mnadani, hasa kwenye farasi, kwa kuwa farasi ni mali inayokimbia na mwizi wake, sheria ya mwaka 1589 ilitaka muuzaji awe anafahamika kwa mkusanya ushuru wa mnada, na kama hafahamiki, alete mtu mwaminifu wa kumtambulisha, na majina yaandikwe. Ninyi mnamwita mdhamini. Hata hapo karatasi ilikuja kusaidia jina. Jina ndilo lililouza farasi.

Na kwa fedha nyingi kulikuwa na hati yenye lakiri. Hii ilikuwa kali. Umekopa pauni 10, hati inaandikwa kwamba unadaiwa pauni 20, ila ukileta pauni 10 siku fulani, hati inakufa. Ukichelewa, ishirini zinaanza kukutafuta. Waliokopesha kwa hati hizi vijijini mara nyingi walikuwa wajane na wanawake ambao hawajaolewa. Mwanamke mwenye mume, kisheria, mali yake ilikuwa ya mume. Mjane mwenye pauni 30 za urithi aliweza kuziweka kwa majirani watatu na kuishi kwa riba. Riba yenyewe ilizungumzwa kanisani kama dhambi na sheria ikaipimia kiwango: asilimia 10 mwaka 1571, ikashushwa hadi 8 mwaka 1624, 6 mwaka 1651, 5 mwaka 1714. Sitaingia humo. Kwa madeni madogo ya dukani na ya jirani kwa jirani, riba kwa kawaida haikutajwa kabisa. Mwenye duka mwerevu aliipachika kwenye bei.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lilinifanya nikubali mwaliko huu. Watu wakisikia habari hizi hudhani siri yao ilikuwa wema: walikuwa wachache, walijuana, walimcha Mungu, kwa hiyo waliaminiana. Mimi naona siri yao ilikuwa kiti na meza. Walikaa chini wakahesabiana.

Chukua mkulima na mhunzi. Tangu Machi mkulima ametengenezewa jembe, amepigiwa kwato za farasi wawili, amenunua misumari. Mhunzi naye amechukua magunia mawili ya shayiri, nyama ya nguruwe, na amekodi gari la kukokotwa siku mbili. Mkulima amemlipia mhunzi deni lake kwa fundi viatu, kwa sababu fundi viatu alikuwa akimdai mhunzi na alikuwa akidaiwa na mkulima. Hakuna aliyemwonyesha mwenzake sarafu miezi sita. Zilikuwapo siku nne za mwaka ambazo kodi, ujira na hesabu vilizoea kuangukia: 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba, na Krismasi. Ya Septemba, sikukuu ya Malaika Mikaeli, ilikuwa nzito kwa sababu mavuno yameingia. Basi wanakaa. Huyu anataja, yule anataja. Hapa wanabishana: farasi wa pili alipigiwa kwato miguu minne au miwili? Wanafuta cha huyu kwa cha yule, na mwisho inabaki, tuseme, shilingi 2 na peni 3. Hiyo ndiyo sarafu pekee itakayohama mkono, na mara nyingi hata hiyo haikuhama. Iliandikwa kichwani mwa ukurasa mpya kuwa ndiyo mwanzo wa deni jipya.

Angalieni mambo mawili humo. Sarafu chache zinabeba biashara kubwa, hilo la kwanza. La pili nalipenda zaidi: wale wawili hawakuwa na haraka ya kufuta deni lote. Deni lililobaki ndilo lililowarudisha mezani Machi. Waliogopa mtu asiyekuja kuhesabiana kuliko mtu anayedaiwa.

Kwamba kila mtu alikuwa mdai na mdeni kwa pamoja tunalijua kutokana na vifo. Tangu sheria ya mwaka 1529 mtu akifariki, majirani waliingia nyumbani kwake na kuorodhesha mali. Orodha hizo zimebaki kwa maelfu. Wanapita chumba kwa chumba: kitanda, masufuria, nguruwe, mbolea uani. Wakimaliza wanaandika madeni aliyokuwa akidai marehemu, na wanayagawa mafungu mawili: yenye matumaini, na yaliyokatiwa tamaa. Ninyi kwenye taarifa zenu mnaita mikopo chechefu. Mara nyingi fungu la madeni linazidi thamani ya vitu vyote vilivyoko ndani ya nyumba. Utajiri wa mtu ulikuwa umelala kwenye vinywa vya jirani zake.

Ndiyo maana vinywa viliogopwa. Neno lao la mkopo, "credit", ndilo hilohilo lililokuwa na maana ya kusadikiwa. Mtu mwenye mkopo mkubwa alikuwa mtu anayesadikiwa, hata kama siku hiyo hakudai wala kudaiwa. Na kusadikiwa kulipimwa kwa kila kitu. Unakwenda kanisani? Umelewa mara ngapi wiki hii? Mkeo anamsema nani kisimani? Watoto wamevaaje, kwa mali ya nani? Tunazoea kuudharau umbea. Lakini kijijini pasipo benki wala rejista ya wakopaji, umbea ndio uliokuwa rejista, na ulifanya kazi usiku na mchana. Sheria iliutambua uzito huo: kumwita mfanyabiashara "mfilisika" hadharani kulitosha kushtakiwa, kwa kuwa neno hilo moja lingewaleta wadai wote mlangoni kwake asubuhi moja na kumfilisi kweli. Wanawake walipigana vita hivyo kwenye mahakama za kanisa, wakishtaki waliowaita malaya. Ukisoma harakaharaka unadhani ni ugomvi wa kisimani. Mke ndiye aliyetumwa dukani kuchukua kwa kauli, na mwanamke asiyesadikiwa anarudi na kikapu kitupu.

Kanisa lenyewe lilikuwa ndani ya jambo hili. Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza kilimpa kasisi mamlaka ya kumzuia asishiriki Meza ya Bwana mtu mwenye uhasama na jirani yake mpaka wapatane. Pasaka ikikaribia, watu wenye kesi za madeni walitafutana. Wengine walikaa mbali na meza hiyo wakasema wazi kwamba moyo bado una kesi. Na nina jambo dogo linanichekesha. Biblia ya Kiswahili ambayo wengi wetu tumekulia nayo inasema "utusamehe deni zetu". Biblia yao ya mwaka 1611, kwenye Mathayo, nayo ilisema madeni. Lakini sala waliyosali pamoja kila Jumapili ilitoka kwenye Kitabu cha Sala, na humo neno lilikuwa makosa. Mwenye duka aliweza kupiga magoti kwa amani, akasamehe makosa yote ya dunia, na kesho yake asubuhi akafungua daftari.

Nisiwadanganye kwamba meza ilitosha siku zote. Walishtakiana sana. Kwenye mji wa King's Lynn, Norfolk, kesi za madeni zilikuwa nyingi kiasi cha kufikia wastani wa kesi moja kwa kila kaya kwa mwaka. Madeni yasiyofika shilingi 40 yalikuwa na mahakama zake ndogo, nyingine zikikaa kwa mwenye ardhi kijijini penyewe. Mtu akisikia hivyo anasema, kumbe hawakuaminiana. Mimi nasoma kinyume. Wasiokopeshana hawashtakiani. Na sehemu kubwa ya kesi hazikufika hukumu: hati ya kuitwa mahakamani ilimwamsha aliyekuwa anakwepa meza, akaja, wakahesabiana, kesi ikaachwa.

Kuna kesi moja ya kijijini iliyotikisa sheria ya nchi. Huko Halberton, Devon, John Slade alikuwa na shamba lenye nafaka ikiwa bado imesimama. Humphrey Morley akakubali kuinunua kwa pauni 16, alipe sikukuu ya Mtakatifu Yohana Mbatizaji, yaani tarehe 24 Juni. Siku ikafika, Morley hakulipa. Hapakuwa na hati yenye lakiri. Palikuwa na maneno. Sasa, kwa sheria ya zamani, mtu akidaiwa deni la maneno aliweza kusimama na kuapa kwamba hadaiwi, na akileta watu kumi na mmoja waapao kwamba wanakiamini kiapo chake, kesi imekwisha. Kijijini hilo lilikuwa na maana, kwa kuwa nani atatia roho yake rehani kumwokoa mwongo wakati kila mtu anajua nafaka ilikwenda wapi? London lilikuwa limeoza. Watu wa kuapa walikodiwa. Slade akashtaki kwa njia nyingine: hakusema nadai deni, alisema Morley aliahidi na ahadi yake imeniumiza. Wakili mkuu wa serikali, Edward Coke, alimsimamia Slade. Francis Bacon, mwanafalsafa yule, alimtetea Morley. Mwaka 1602 majaji wakaamua kwa Slade. Kuanzia hapo, anayekubali kununua amehesabiwa kuwa ameahidi kulipa, na baraza la wazee wa mahakama litaamua kama alikubali au la. Kiapo cha watu kumi na mmoja hakikufutwa siku hiyo, kilikosa kazi tu. Mali kauli ya shamba moja la Devon ikawa sheria ya Uingereza.

Kutoka kwa majaji nirudi kwa wenye duka, kwa sababu ndio ninaowapenda. Kijiji cha Ashton-in-Makerfield, Lancashire, kilikuwa na kijana aitwaye Roger Lowe aliyeandika shajara kuanzia 1663. Alikuwa bado mwanagenzi. Bosi wake alikaa Leigh, akamwachia duka aliendeshe peke yake. Roger alijua kuandika, na kijiji kikamtumia: aliwaandikia watu hati za deni, wosia, hata barua za uchumba. Kwa hiyo alizijua siri za nani anadaiwa na nani, huku yeye mwenyewe akizunguka njiani kukusanya madeni ya duka. Na kudai hakukuwa kugonga mlango na kunyoosha mkono. Kulikuwa ni kwenda kilabuni, kukaa, kuagiza kinywaji, kuuliza hali ya mifugo, na ndipo uliguse jambo. Anaandika peni alizotumia kwenye pombe siku hizo. Maofisa mikopo mliopo hapa, naona mnacheka. Mafuta ya pikipiki mnayaandika wapi?

Na wa mwisho ni Thomas Turner wa East Hoathly, kijiji kidogo Sussex, karibu na mji wa Lewes. Alizaliwa 1729, akashika duka akiwa kijana, na shajara yake inaanzia 1754 hadi 1765. Aliuza sukari, chai, tumbaku, vitambaa, kofia, misumari, na vifaa vya mazishi. Alinunua matambara machakavu ya kuuza kwa watengeneza karatasi. Aliwahi kuwa mwalimu, alikusanya kodi, aliandika hesabu za wasiojua kuandika. Alikunywa kupita kiasi na kila asubuhi alijuta kwa maandishi. Mzigo wake alichukua kwa mali kauli kutoka kwa wauzaji wa jumla wa London na kwingine, naye akaugawa kwa mali kauli kijijini. Sarafu hakuzibeba njiani kwa hofu ya majambazi. Alimtafuta mtu mwenye fedha London, akampa sarafu hapa kijijini, akapokea hati ya kulipwa kule. Yaani alikuwa katikati ya kamba: London wanavuta, kijiji kinavuta.

Kijijini alikuwepo Bwana Darby, mteja na jirani. Deni lake lilikuwa limekaa, sehemu yake zaidi ya miaka minne, kubwa yake zaidi ya mitatu. Turner alikuwa amejaribu njia zote za upole. Kilichomuuma si deni lenyewe. Akina Darby walikuwa karibu wameacha kabisa kuja dukani kwake, wakipata fedha wanazipeleka kwingine, na wanaonekana njiani wamevaa vizuri kupita hali yao. Hapo mnaiona ile meza: Darby alikuwa ameiacha. Deni la miaka minne la mtu anayekuja kila wiki, akachukua chumvi na kusema "bado kidogo", Turner alilivumilia kwa wengine. La mtu anayepita mbele ya duka akitazama upande wa pili, hakuliweza.

Akaamua amwagize mwanasheria kwamba Darby akamatwe. Kisha akarudi nyumbani na kuandika ukurasa ambao kila mkopeshaji angepaswa kuusoma. Anasema kifuani mwake mna ghasia. Anajua kukamata mtu ni jambo la kutisha, kwa kuwa wadai wengine wote wakisikia watamrukia, na mtu ambaye pengine angeinuka polepole na kumlipa kila mmoja haki yake atararuliwa vipandevipande siku hiyo. Halafu anageuza: nami nina wanaonidai, nina mke, miaka yenyewe ni hii. Anageuza tena. Huyu hakuwa mtu wa huruma sana, niwaambie, kwenye kurasa nyingine ana kisirani cha kutosha. Lakini alijua jela ya madeni ilivyokuwa. Kufungwa hakukufuta deni hata peni moja, mfungwa alijigharamia chakula, na aliyefungwa halimi wala hashoni.

Na familia ya aliyefungwa ilikwenda wapi? Kila parokia ilikuwa na msimamizi wa maskini, mtu wa kijijini hapohapo, aliyekusanya kodi kwa majirani na kuwagawia wasio na chakula. Mkate wa familia ya Darby, Darby akiwa jela, ungetoka kwenye kodi ya wenye maduka na wakulima wa East Hoathly, na kuombwa kwenye mlango wa msimamizi. Kazi hiyo ilipokezanwa, mwaka huyu, mwaka yule. Thomas Turner aliishika zaidi ya mara moja.

Mama Mwenyekiti, nimekula dakika zote. Mhazini, samahani, nilijitahidi. Sasa soma taarifa.